Isome Saa ya Zamani Kabla Hujaipenda

Anayeniomba nimtazamie saa ya zamani kabla hajainunua huanza karibu kila mara na swali moja: "Ni nzima?" Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na majibu yake mara nyingi hayaendi pamoja. La kwanza ni la hali: saa imechakaa kiasi gani, inatembea vipi, imewahi kuingia maji? La pili ni la uhalisi: vipande hivi ndivyo vilivyotoka kiwandani pamoja, na bado viko vile vilivyotoka? Nimeshika saa zinazometameta kila upande ambazo ndani yake hakuna kipande kilichozaliwa pamoja na mwenzake. Nimeshika nyingine zenye kioo kilichokwaruzika hadi dakika hazisomeki, na chini ya kioo hicho ukakuta uso wa miaka ya 1950 ambao haujaguswa na brashi ya mtu yeyote. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye saa za zamani, kizuri mara nyingi kimekaa kimya mwisho wa safu, na kinachojitangaza ni kile kilichopigwa msasa jana.

Misingi niliipata kwa kukaa karibu na fundi saa mmoja mzee. Mtu akimletea saa apate maoni yake, hakuifungua kwanza. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama uso kwa lenzi, akaja kwenye pembe za kasha, akasoma maandishi ya mfuniko wa nyuma, na mashine akaiacha iwe ya mwisho. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, mbona huanzi ndani?" Akanijibu, "Mwanangu, ndani ni kazi yangu, nitatengeneza. Uso ukishaharibiwa, mimi na wewe sote ni watazamaji." Mpangilio huo ndio ninaoufuata hadi leo. Naanza na yale yasiyorekebishika. Springi iliyokatika hubadilishwa, mafuta yaliyoganda husafishwa, kioo cha plastiki hupatikana. Rangi ya uso ikishafutwa imefutwa, na chuma kilicholiwa na msasa hakirudi.

Kwa hiyo uso kwanza, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo pote. Ninachotaka kujua ni kama umepakwa upya. Kwa miongo mingi, kupaka uso upya ilikuwa huduma ya kawaida kabisa. Mwenye saa aliona uso umefifia au umeingia madoa, fundi akautoa, ukaenda kwa mpakaji, rangi ya awali ikafutwa, mpya ikapigwa na maandishi yakachapwa tena. Hakuna aliyekuwa akimdanganya mwenzake; mtu alitaka saa yake ionekane mpya, na akapewa alichotaka. Tatizo huja miaka hamsini baadaye, saa hiyo inaponadiwa kwamba haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani.

Chini ya lenzi inayokuza mara kumi, uso uliopakwa upya hujitaja wenyewe. Herufi za kiwandani zina kingo kali na unene wa kulingana, na ncha ndogondogo za herufi zimekamilika. Zilizochapwa upya huwa nene, au zimetambaa kidogo, au jina la kampuni limeandikwa kwa mwandiko unaokaribia ule wa asili lakini haufiki. Duara la dakika ni shahidi mzuri zaidi ya jina. Angalia kama kila kijistari kinaelekea katikati ya uso, na kama kile kilicho mbele ya alama ya saa kimesimama sawasawa nayo. Hapo ndipo wapakaji wengi walipokosea, kwa sababu alama za chuma zilibandikwa na kiwanda, ilhali vijistari vimepigwa na mtu mwingine, kwa bamba la kuchapia lililochongwa kwa uso unaofanana na huu tu. Dirisha la tarehe nalo husema: rangi mpya hupenda kujikusanya kwenye kingo zake na kuzifanya zivimbe.

Kisha shuka hadi ukingo wa chini, kwenye namba 6. Saa nyingi za Uswisi zina neno SWISS au SWISS MADE hapo kwa herufi ndogo sana. Maandishi hayo yakikosekana wakati saa nyingine za modeli hiyohiyo zinayo, au yakiwa yamezama nusu chini ya ukingo wa kasha, simama hapo uulize. Uso ukiwa umetolewa nje, tazama pia kingo zake, kwa sababu baadhi ya wapakaji walichonga pengo dogo pembeni ili wajue upande wa juu ni upi wakati wa kuchapa. Pengo hilo hufichwa na kasha, ndiyo maana muuzaji anayekubali kuifungua saa mbele yako ana thamani kuliko maneno yake yote.

Ni lazima niseme hapa kwamba viwanda navyo havikuwa malaika. Kuna nyuso za asili kabisa zenye herufi iliyokaa kando kidogo au wino hafifu. Ndiyo sababu siamini kanuni za jumla peke yake. Kabla sijaenda kuitazama saa, nakusanya picha za saa nyingine za modeli hiyo na miaka hiyo, zile ambazo historia yake inajulikana, na nazitazama hadi jicho lizoee umbali kati ya jina na alama ya juu, urefu wa vijistari, umbo la namba za tarehe. Jicho lililozoea hukataa kabla akili haijapata sababu. Nimejifunza kuliheshimu hilo. Nikihisi kitu hakijakaa sawa, siendelei na mazungumzo ya bei hadi nijue ni kitu gani.

Seiko wa Japani wamewarahisishia wanunuzi kazi kwa namna ambayo wengi hawaijui. Saa zao nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina namba ndogo mno kwenye ukingo wa chini wa uso: namba ya mashine, mstari mfupi, kisha namba ya uso wenyewe. Nyuma ya saa kuna namba ya mashine na ya kasha, na chini yake namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ya mfululizo ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa kwa herufi O, N na D. Muongo unaujua kwa mashine. Ukiwa na kronografu (saa yenye kipima muda cha kuwasha na kuzima) ya 6139, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1969, na namba inaanza na 25, hiyo ni Mei 1972. Sasa rudi kwenye maandishi ya uso. Seiko za mwanzo za aina hiyo ziliandikwa PROOF kuhusu maji, kisha kampuni ikahamia neno RESIST mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uso wenye PROOF ndani ya kasha la mwaka 1975 umetoka kwenye saa nyingine. Namba za mwisho za uso na za kasha si lazima zilingane, na wauzaji wakweli huumia wanapotuhumiwa kwa tofauti hiyo, lakini tarakimu nne za mashine zisipolingana hapana mjadala.

Rangi inayong'aa gizani inastahili kusomwa kwa utulivu, kwa sababu ni kalenda. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilitumia radiamu, ambayo hutoa mionzi. Baada ya hapo wengi wakahamia tritiamu, ambayo mionzi yake ni hafifu zaidi, na saa hizo zikaanza kuandikwa T kando ya neno SWISS, au SWISS T<25, yaani kiasi cha tritiamu hakizidi milikyuri 25 (milikyuri ni kipimo cha mionzi). Katika miaka ya 1990 ikaja rangi isiyo na mionzi, inayochaji kwa mwanga, na herufi ya T ikaondoka. Kwa hiyo uso usio na T unaodaiwa kuwa wa mwaka 1972, na rangi yake inawaka kijani kikali kwa masaa, umebadilishwa au umepakwa rangi hiyo miaka mingi baadaye. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi kadhaa. Saa ya mwaka 1970 haina sababu yoyote ya kuwaka usiku kucha.

Natembea na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno kwa ajili hii tu. Tritiamu ya zamani ukiimulika huitika kidogo, na ukizima tochi mwanga wake huondoka mara moja au baada ya muda mfupi sana. Rangi ya kisasa hubaki ikiwaka. Radiamu mara nyingi haiitiki kabisa, kwa kuwa mionzi yake imeshaiunguza ile kemikali iliyokuwa ikiangaza. Hilo lisikudanganye ukadhani imekufa: radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Saa ya namna hiyo usiifungue mwenyewe nyumbani, usiikwangue, na mweleze fundi kabla hajaishika. Ndani ya kasha lililofungwa vizuri ni jambo moja. Unga mezani ni jambo jingine kabisa.

Mishale nayo isomwe pamoja na uso. Rangi iliyo ndani ya mishale na ile ya alama za saa zimezeeka zikiwa chumba kimoja, chini ya kioo kimoja, kwa hiyo natarajia zikaribiane. Uso wenye alama za manjano iliyoiva na mishale yenye weupe wa karatasi unasema mishale ilibadilishwa, au ilijazwa upya. Kinyume chake ni kibaya zaidi: siku hizi kuna watu wanaochanganya rangi ya kisasa na doa la uzee ili kila kitu kilingane mno. Tena tazama urefu. Mshale wa dakika wa asili kwa kawaida hufika kwenye duara la dakika, na wa sekunde hufika palepale ulipokusudiwa. Mshale mfupi ni wa saa nyingine. Kwenye saa za radiamu zilizowahi kulala kabatini miaka mingi bila kutembea, mara nyingine utakuta kivuli cha kahawia kwenye uso pale mishale ilipokuwa imesimama. Mimi kivuli hicho hunifurahisha sana, kwa maana hakuna mtu aliyejishughulisha kukitengeneza, na kinathibitisha kwamba uso na mishale vimeishi pamoja.

Uzee wa uso una aina mbili na bei zake hazifanani. Kuna uzee wa jua na hewa: uso mweusi uliogeuka kahawia kwa usawa, uso mweupe ulioingia ukungu mwepesi wa rangi ya krimu. Huo naupenda na wengi wanaupenda. Kuna uzee wa maji: madoa yanayoanzia pembeni na kuingia ndani, rangi inayovimba na kubanduka, kutu kwenye alama za chuma. Wauzaji huziita zote mbili kwa jina moja la sifa. Uzee wa maji unakwambia pia jambo kuhusu usichokiona. Maji yaliyofika usoni hayakusimama hapo. Yalishuka hadi kwenye mashine, na shina la kifundo cha kutilia ufunguo huwa la kwanza kuota kutu.

Halafu kuna nyuso ambazo ni halali lakini si za asili. Kwa miaka mingi, saa ilipopelekwa kwa kampuni yenyewe kufanyiwa huduma, kubadilishiwa uso na mishale lilikuwa jambo la kawaida, na mwenye saa alishukuru. Uso huo umetengenezwa na kampuni hiyohiyo na hauna hila yoyote. Ila ukinunua saa ya mwaka 1966 yenye uso wa miaka ya 1990, ujue ndicho ulichonunua, na bei iseme hivyo. Nina saa ya namna hiyo, naivaa kwa moyo mweupe, kwa sababu niliijua nilipoichukua.

Kasha linasomwa kwa pembe zake. Saa ilipotoka kiwandani, kila pembe inayoshika mkanda ilikuwa na mistari iliyochongwa: upande wa juu umechanwa kwa mistari myembamba, ubavu umeng'arishwa, na kati yake mara nyingi kuna ukingo mwembamba uliokatwa kwa mshazari. Kila mara fundi anapoipitisha saa kwenye gurudumu la kung'arishia, mipaka hiyo hupotea kidogo. Baada ya mara kadhaa, pembe hubaki zimelainika kama kokoto ya mtoni, nyembamba na za mviringo, na matundu ya pini za mkanda yamesogea karibu na ukingo. Natazama saa kwa juu na kulinganisha pembe nne zenyewe kwa zenyewe. Zikitofautiana unene, kuna upande uliolemewa na msasa. Natazama maandishi ya nyuma vilevile, maana mchoro uliokuwa na kina ukiwa sasa ni kivuli, chuma kimeondoka. Mikwaruzo haininyimi usingizi hata kidogo. Mikwaruzo ni matumizi, na kasha lenye mikwaruzo na kingo kali ni bora mara nyingi kuliko lililo laini na linalong'aa. Siku hizi wapo mafundi wanaoongeza chuma kwa kuchomelea kwa leza na kuchonga upya kingo. Kazi nzuri ya namna hiyo inahitaji jicho kali kuigundua, na muuzaji mwaminifu huitaja mwenyewe.

Kwa saa za dhahabu, pindua na utafute mihuri. Dhahabu ya Uswisi ya karati 18 ilipigwa muhuri wa kichwa cha Helvetia, sura ya mwanamke anayewakilisha Uswisi, hadi mwaka 1995, ndipo ukaja muhuri wa kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Muhuri wa mbwa kwenye saa inayodaiwa kuwa ya mwaka 1960 hauna maelezo mazuri. Muhuri ulioliwa hadi hausomeki nao ni kipimo cha msasa uliopita hapo. Saa zilizochovywa dhahabu hujitaja zenyewe kwa maandishi kama 20 MICRONS, au kwa mfuniko wa nyuma wa chuma cha pua ulioandikwa hivyo, na zikichakaa huonyesha shaba kwenye ncha za pembe na karibu na kifundo. Hapo hapana dawa ya kudumu.

Namba lazima ziafikiane. Kwenye Rolex za zamani namba ya modeli imechongwa kwenye ubavu wa kasha kati ya pembe za juu, na ya mfululizo kati ya pembe za chini, kwa hiyo bila kutoa mkanda hujaona kitu. Mifuniko yao ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi ina tarehe upande wa ndani, robo ya mwaka kwa namba za Kirumi na mwaka wenyewe. Omega za zamani zina namba ya mfululizo kwenye mashine na namba ya modeli ndani ya mfuniko. Viwanda kama Omega, Longines na Patek Philippe vimewahi kutoa maelezo kutoka kwenye daftari zao: saa yenye namba hii ilitengenezwa lini na, kwa baadhi yao, ilipelekwa nchi gani. Nayathamini maelezo hayo, lakini nayapa uzito wake tu. Daftari linasema kwamba namba hiyo ilitoka kiwandani na saa ya aina hiyo. Halisemi kwamba uso ulio mbele yako leo ndio uliotoka nao.

Anayedhani karatasi inatosha akumbuke ile Omega Speedmaster ya modeli 2915-1 iliyouzwa kwenye mnada Geneva mnamo Novemba 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kutoka vipande mbalimbali, vingi vyake halali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Habari hiyo haikunifanya nikate tamaa, ila ilinikaza kwenye mazoea yangu: saa ambayo kila kipande chake ni kizuri mno naitazama kwa muda mrefu zaidi ya ile yenye kasoro zinazoelezeka. Vipande halali vilivyokusanywa kutoka saa tano havifanyi saa moja ya asili.

Sasa mashine, ambayo wanunuzi wengi huanza nayo. Itie saa ufunguo polepole. Iwe laini, isikwaruze, na ukitega sikio usisikie kitu kikizunguka ovyo. Vuta kifundo utie majira. Mishale iende bila kurukaruka. Pitisha usiku wa manane uone tarehe ikibadilika. Kama ni kronografu, iwashe, izime, irudishe, na mshale wa sekunde urudi sifuri kamili kila mara. Mashine ya kupimia mdundo, au hata programu ya simu, itakuonyesha jinsi gurudumu la mizani linavyozungushwa kwa nguvu. Ikiwa imejaa ufunguo na imelala kifudifudi au chali, mzunguko wa digrii 270 hadi 310 ni afya njema. Saa ya zamani yenye 250 sijaikataa kamwe. Chini ya 200 inaomba fundi. Hakikisha tu umeingiza namba sahihi za mashine hiyo, yaani pembe ambayo gurudumu hilo husukumwa nayo kila mdundo (lift angle) na idadi ya midundo. Mashine nyingi za zamani hupiga midundo 18,000 kwa saa, yaani mitano kwa sekunde, na sauti yake ya taratibu ni mojawapo ya sababu zangu za kuzipenda.

Ndani yake, tazama vichwa vya skrubu kwanza. Vikiwa vimechubuka, aliyeingia humo hakuwa na bisibisi inayofaa au hakuwa na subira. Kwenye upande wa ndani wa mfuniko utakuta alama ndogo zilizokwanguliwa kwa sindano, tarehe na herufi za mafundi waliowahi kuihudumia. Hizo ni wasifu wa saa na sizifuti kamwe. Tafuta pia dalili za ndoa ya kulazimisha. Nyuma ya uso kuna vijiti viwili vinavyoingia kwenye matundu ya mashine, na nafasi zake hutegemea mashine hiyo. Vikiwa vimekatwa na uso umeshikizwa kwa gundi, uso huo ulitoka kwenye nyumba nyingine. Pete ya kujazia nafasi ambayo kiwanda hakikuiweka ni dalili hiyohiyo: mashine ni ndogo kuliko kasha.

Jina lililo kwenye uso lisikushangaze likitofautiana na asili ya mashine. Mashine ya Valjoux 72 ilitumiwa na Heuer na Rolex pia, na makampuni mengi yalinunua mashine kwa watengenezaji wengine. Kinachotakiwa ni kwamba mashine hiyo iwe ndiyo kampuni iliyokuwa ikiitumia kwenye modeli hiyo. Swali la vipuri linaingia hapa. Kati ya mwaka 1970 na katikati ya miaka ya 1980, wafanyakazi wa saa Uswisi walipungua kutoka takriban 90,000 hadi takriban 30,000 baada ya saa za kuatsi, yaani za betri, kuingia sokoni, na majina mengi yakafa na ghala zake za vipuri. Mashine iliyotumiwa na kampuni nyingi ina vipuri hadi leo. Mashine ya pekee ya kampuni iliyokufa inaweza kuwa nzuri sana na isiwe na springi inayopatikana popote. Kabla hujalipa, muulize fundi wako kama ataweza kuihudumia, si kama anaipenda.

Kioo, kifundo na mkanda nimeviacha nyuma kwa makusudi. Vilitengenezwa vichakae na vibadilishwe. Kifundo chenye nembo sahihi ya miaka hiyo ni jambo la kufurahia, na kioo cha plastiki cha Speedmaster chenye nembo ndogo ya Omega katikati, isiyoonekana hadi uigeuze kwenye mwanga, ni jambo la kutafuta kwa lenzi. Lakini sijawahi kuiacha saa yenye uso wa asili kwa ajili ya kifundo.

Muuzaji namsikiliza zaidi ya ninavyomhoji. Anayesema "sijui, niliipata hivi" na kukupa picha za ndani, za pembeni na za uso bila kioo kuakisi, huyo tunaweza kuelewana. Anayetaja kila sifa na kukwepa picha moja tu, ombi langu la pili ni picha hiyohiyo moja. Picha zilizopigwa kwenye mwanga laini mno huficha kingo na rangi; mwanga wa mchana kutoka upande mmoja huonyesha kila kitu.

Na ukishainunua, kazi ya kuilinda huanzia kwa fundi. Mimi humwandikia kwenye karatasi, sitegemei mazungumzo: safisha mashine, tia mafuta, badilisha kilichokatika peke yake, kasha usiling'arishe, uso usiuoshe wala kuugusa, mishale usiijaze rangi, kila kipande utakachotoa, hata kilichovunjika, nirudishie kwenye mfuko wenye jina lake. Maandishi ya uso yanayosema haiingii maji siyategemei tena kwa saa ya umri huo, hata ikiwa na raba mpya, na sinawi mikono nikiwa nimeivaa. Mfuko wa vipande vya zamani nauweka pamoja na saa, na siku nitakapoiuza utaenda nayo.